Hekalu Moja kwa Siku

Mnisamehe mwandiko. Niliishia darasa la saba, katika shule ya kambi ya wakimbizi, na kalamu mkononi mwangu huenda polepole. Nikiharakisha, herufi zinaangukiana. Mkikuta neno limekosewa, lirekebisheni kimoyomoyo muendelee. Ila mpango ninaoueleza hapa hauna kosa. Huo nimeupima kwa miguu.

Ninamtunza bibi mmoja hapa Stechford, mtaa wa Birmingham, Uingereza. Ni Singasinga aliyezaliwa Kisumu, na Kiswahili chake hakijachakaa hata baada ya miaka mingi ya Birmingham. Marehemu mumewe alikuwa fundi seremala. Maisha yake yote alitamani kuona hekalu moja la Nara, kule Japani, lililojengwa kwa mbao na ambalo limesimama zaidi ya miaka elfu moja. Hakufika. Sasa Bibi anataka kwenda yeye, akazitazame zile nguzo wakati macho yake bado yanaona. Hawezi kutembea zaidi ya hatua kumi, kwa hiyo lazima asukumwe kwa kiti cha magurudumu. Alisema msukumaji ni mimi.

Binti yake, mama wa makamo anayeishi mtaa wa Kings Heath, hakukataa safari. Alikataa mpango wangu. Jumapili moja alikuja na karatasi iliyochapwa vizuri: mahekalu matano kwa siku moja, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Hekalu la Bibi lilikuwa la nne, na lilipewa dakika arobaini.

Kwenye daftari langu kulikuwa na hekalu moja. Kufika mapema, kupumzika, kuingia, kula, kupumzika tena, kuingia mara ya pili kama Bibi atapenda, kurudi. Na choo, kila baada ya saa moja na nusu.

“Mtu haendi mpaka Japani kuona jengo moja,” binti alisema kwa Kiingereza. Kiswahili anakielewa chote lakini hajibu kwacho.

“Mimi naenda kuona hiyo moja,” Bibi akasema.

“Mama, kunywa chai.”

“Chai nakunywa. Masikio iko wazi.”

Binti akanigeukia, akaniuliza kwa upole kama nimewahi kupanga safari yoyote. Nikatazama zulia. Mbele ya watu maneno hunikwama, na watu hudhani sina la kusema. Nikamwonyesha picha niliyoikuza kwenye simu: uwanja wa hekalu, na kokoto kila upande. Nikamwambia magurudumu ya mbele ya kiti ni madogo, yatadidimia. Akajibu kwamba tovuti imeandika viti vinapita. Kisha akaongeza kwamba labda ingefaa kutafuta msindikizaji aliyesomea kazi hiyo.

Hapo woga wangu ukaisha. Nilijua maana yake ni nini. Nikikubali, Bibi atasukumwa mbiombio na mtu asiyemjua, atafika kwenye hekalu la mumewe akiwa amechoka, na atasinzia mbele ya nguzo alizozifuata.

“Anti,” nikasema, “kaa kwenye kiti.”

Alidhani natania. Bibi akagonga mkono wa kiti chake, akajivuta hadi kwenye kochi. “Kaa, kaa. Mimi nakaa kila siku na sijakufa.”

Mbele ya nyumba ya Bibi, pale pa kuegesha gari, pamemwagwa kokoto. Kwa wiki nzima nilikuwa nimefanya mazoezi pale, nikisukuma mfuko wa mchele niliouvisha mkanda kama abiria. Majirani walinitazama. Acha watazame.

Binti akakaa, mkoba mapajani. Nikamtoa nje hadi kwenye kokoto, nikamsukuma kwa mbele, kama angefanya mtu yeyote. Hatua mbili tu, magurudumu madogo yakazama, naye nusura atoke kitini. Nikamgeuza, nikakiinamisha kiti, nikamvuta kinyumenyume. Magurudumu makubwa yakapita, lakini polepole, kiti kikimtikisa mpaka hereni.

Bibi alikuwa ameshika mlango akitutazama. “Sasa umemaliza hekalu ya kwanza,” akamwambia bintiye. “Bado ngapi?”

“Inatosha,” binti akaniambia.

“Bado hatujafika getini,” nikasema. Sikumwachia mpaka tulipofika.

Alishuka akakung'uta sketi. Akatoa karatasi yake mkobani, akaikunjua juu ya boneti ya gari, akafuta mahekalu matatu. Akanitazama kama mtu aliyetoa zawadi.

“Moja,” nikasema. “Siku nyingine nendeni popote. Siku hii ni ya hekalu moja.”

Akaniomba daftari, akalipiga picha, kurasa zote, pamoja na zile za choo. Tiketi zilikatwa siku iliyofuata, na ni tatu. Ya tatu ni yake. Atabeba mfuko wa dawa.

Tunaondoka mwezi wa nne. Kimenibakia kitu kimoja nisichoweza kukipima nikiwa hapa. Naona milango ya mahekalu hayo ina vizingiti vya mbao, na picha hazionyeshi kimo. Ninyi mliowahi kufika, niandikieni: kizingiti kinafika wapi mguuni, na je, wapo watu wa kusaidia kunyanyua kiti? Andikeni hata kwa mwandiko mbaya, nitausoma. Ila msiniandikie kwamba haiwezekani. Hilo nimeshaambiwa.