Ndugu Yangu Alipimwa kama Fahali

Mpaka leo nikimsikia mtu akisema mshindani anayetetemeka ni mwoga, natamani nimlipie nauli aende akaseme kwingine.

Enzi za Mwingereza nilikuwa mchuuzi wa kuku Singida mjini. Mdogo wangu alikuwa na mbio kuliko kijana yeyote wa Mwankoko, kijiji chetu. Sikukuu ya Mfalme vijiji vilishindana mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kila kijiji mkimbiaji mmoja, naye alitaka sana awe yeye, kwa sababu baba wa binti aliyekuwa akimposa angekuwepo.

Jumbe wetu alikuwa mfugaji, na watu aliwachagua kama alivyochagua fahali mnadani: unamzungukia nyuma kimyakimya, unamchapa kofi. Akishtuka, hafai. Asubuhi ile mdogo wangu alikuwa ametoka kutapika nyuma ya boma, magoti yanamcheza. Alipochapwa akaruka kama kuku aliyemwagiwa maji.

"Huyu mwoga," jumbe akasema. "Nileteeni yule mwingine."

Yule mwingine alikuwa akijipiga kifua na kuwatukana watu wa kijiji cha Utemini. Akachapwa, hakupepesa hata kope.

"Shikamoo jumbe," nikasema. "Huyu hutapika kabla ya kila mbio, na kila mara hushinda. Mimi mwenyewe kabla ya kupatana bei tumbo huniunguruma. Wewe umewahi kunishusha bei?"

"Marahaba. Rudi kwa kuku zako."

Filimbi ikalia. Yule wa kifua alitoka kama moto wa nyasi kavu, na kama moto wa nyasi akaisha kabla ya nusu ya uwanja. Akaburuta mkia. Lakini nje ya kamba, katikati ya akina mama na vikapu vyao, mdogo wangu naye alikuwa akikimbia, na akafika kabla ya mtu wa Utemini aliyepewa ushindi. Niliona kwa macho mawili, yote mazima.

Nikamvuta mdogo wangu mkono mpaka kwa jumbe, aliyekuwa amesimama na baba wa binti.

"Umeona, jumbe?"

"Nimeona. Hofu ina mbio."

"Na jasiri wako aliyeshika mkia?"

"Yule angekimbia nini? Haogopi kitu."

Baba wa binti akatikisa kichwa kukubali, tena kwa heshima, kama aliyesikia hekima. Mavuno yalipokwisha, binti akaozwa kwa yule aliyeshika mkia.