Mpwa Wangu Kwenye Mstari wa Mgambo

Mwaka huu serikali ya kijiji ilinikabidhi kazi ya kutafuta vijana wa mafunzo ya mgambo, na sijawahi kupewa kazi ya kuudhi kama ile. Mimi mwenyewe niliyapitia mafunzo hayo ujanani, kwenye uwanja huohuo wa shule hapa Matombo, tukibeba bunduki za mbao na kuimba mpaka makoo yanakauka. Mkufunzi, askari mstaafu aliyeletwa kutoka Morogoro mjini, alitaka walau mistari mitatu iliyojaa. Nikamwambia aondoe shaka. Kichwani mwangu kijiji kilikuwa bado kile cha zamani.

Nikapita nyumba kwa nyumba. Kijana wako yupo? Yupo Dar, anauza viatu. Wako je? Yupo Dakawa, anavuna mpunga wa watu. Palipokuwa na kijana nilisogezewa kiti, nikaletewa ndizi mbivu, kisha likaja jibu lilelile. Mama mmoja wa karibu na kisima aliniambia huku akitazama chini, "Mzee wangu, huyu ndiye mmoja tu niliyebaki naye."

Sisi mama yetu alituzaa wengi hadi majirani wakawa wanatuchanganya. Nilipokwenda mgambo, nafasi yangu kwenye sinia la ugali ilizibwa siku hiyohiyo, na sidhani kama kuna aliyeniulizia kabla ya jioni. Leo mtu ana watoto wawili, mmoja kamezwa na mji, na huyo wa pili ndiye anayemchotea maji, ndiye anayemshushia mikungu ya ndizi barabarani, na ndiye atakayemzika. Naelewa, jamani. Lakini mkufunzi hakunituma nikaelewe.

Nikateremka bondeni kwa wageni waliokodi mashamba, watu wa mikoa mingine. Huko vijana wapo, na watoto tele. Walinisikiliza kwa adabu, na mmoja wao akasema, "Mzee, sisi hapa wapangaji tu. Mwenye shamba akibadili mawazo, tunafunga virago. Sasa tulinde nini?" Nikamwambia nchi ni moja. Akajibu, "Sawa, mzee," kwa sauti ile anayojibiwa mlevi. Nilipanda mlima kurudi nyumbani nimefura kwa hasira.

Basi kwenye mkutano wa kijiji nikayatapika yote. Nikasema tumekuwa kijiji cha waoga, kila mtu kamficha mwanawe chini ya kanga, adui akija leo atatukuta tunamenya ndizi. Mama yule wa karibu na kisima alikuwa amekaa mbele kabisa. Alijifunga kanga yake upya, asinitazame.

Asubuhi ya mafunzo nilikuta mstari mmoja tu, wenye mapengo. Katikati yake alisimama mpwa wangu, binti wa dada yangu, raba miguuni na bunduki ya mbao begani.

Asiyetujua ataona ni jambo la kujivunia. Lakini sisi Waluguru ukoo tunauhesabu kwa mama. Watoto wangu mimi ni wa ukoo wa mama yao, na mashamba yetu ya mdalasini yanafuata tumbo la dada zangu. Dada zangu wengine walipata wavulana watupu. Huyu ndiye msichana pekee tuliye naye. Na alikwisha kuniambia, nikadhani anatania, kuwa akimaliza mgambo ataomba kwenda jeshini, akae miaka bila kuolewa wala kuzaa, apangiwe huko mipakani. Asipozaa yeye, ukoo umeishia hapo.

Dada yangu akaja mbio kutoka shambani, jembe mkononi. "Kaka, sema neno. Wewe ndiye mjomba wake." Ni kweli, kwetu mjomba akikataa, imekwisha. Mkufunzi naye akanigeukia. "Mzee, kumbe huyu ni wa kwako? Unaruhusu?"

Wazazi niliowafokea walikuwa wamejipanga pembeni mwa uwanja, wakinitazama.

"Shikamoo, mjomba," akasema mpwa wangu bila kuishusha ile bunduki. "Si ulisema adui akija atatukuta tunamenya ndizi? Nilikusikia. Nimekuja."

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia na dada yangu, na waliokimbilia mjini, na nchi hii inayotudai vijana utadhani mama zetu wako hai na bado wanazaa. Nikatafuta neno la kiume la kusema, neno la mtu aliyewahi kula kiapo kwenye uwanja ule.

"Mkufunzi," nikasema, "huyu ndiye mmoja tu tuliyebaki naye."

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Mama wa karibu na kisima akaingia darasani, akatoka na kiti, akanisogezea. Nikakaa.

Mpwa wangu akailaza bunduki yake ya mbao kwenye majani, taratibu, kama alivyofundishwa asubuhi ileile. Akanipita, akashika njia ya nyumbani, na mama yake nyuma.

"Zibeni pengo!" mkufunzi akapaza sauti.

Wakasogeleana, na mstari ukazidi kuwa mfupi.