Nywele Mpya za Kinyozi

Kwa miaka ishirini kinyozi huyu alinyoa vichwa vya wenzake huku chake kikimeta kama sahani. Wateja walimwita Uwanja, naye aliitika huku moyoni akiumia. Basi daktari alipombadilishia dawa za presha, na baada ya miezi miwili nywele zikaanza kuchipua utosini, mikononi, hata juu ya nyusi, alijiona mtu mpya.

"Uwanja umeota majani," fundi viatu wa jirani alimtania. "Tulete mbuzi?"

"Lete, na wewe uje nao," akajibu, akacheka mpaka pumzi ikamwishia.

Pumzi hiyo haikurudi sawasawa. Akijilaza kidogo mchana, kifua kilimbana kana kwamba mtu amemkalia. Nafuu aliipata akiinama mbele. Basi alikaa, akasimama, akafungua dirisha, akalifunga, akakaa tena. Miguu ilivimba, kandambili zikamkataa. Mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa, ilibidi asubiri kinyozi ahemee ukutani.

Kumwambia daktari hakutaka. Alijua dawa ndiyo iliyoleta nywele. Karatasi ya ndani ya pakiti ilisema hivyo. Mstari uliofuata, ule wa maji na moyo, aliusoma mara moja tu, akaikunja karatasi.

Mkewe alimvumilia siku tatu. Ya nne alifunga saluni mwenyewe, akamkokota mpaka hospitali.

Picha ya mashine ilionyesha maji yamejaa kwenye mfuko unaozunguka moyo.

"Unatumia dawa gani, baba?" daktari wa zamu aliuliza.

Kinyozi akajigeuza kitandani, akautazama mlango. "Za kawaida tu."

"Za kawaida gani, baba watoto? Hizi za kuotesha bustani?" Mkewe akachomoa pakiti mkobani, akaiweka mezani.

Daktari akaisoma. "Hizi mara nyingine hujaza maji. Tutayatoa kwa sindano sasa hivi, na dawa tunabadilisha leo."

"Na nywele?"

"Zitaondoka."

Kinyozi akajaribu kuvuta pumzi ndefu, ikakatikia njiani. Akajaribu tena, ikawa fupi zaidi.

"Mimi niliolewa na mtu," mkewe alisema polepole. "Sikuolewa na nywele."

Kinyozi akaanza kufungua vifungo vya shati.

"Toeni hayo maji," alisema. "Ila hiyo sindano msinionyeshe."