Visanduku Vitupu vya Meneja

Mume wangu wanamwita Bwana Kama, na mimi nathibitisha kwamba hawakumwonea. Muulize anakula au hali, atakujibu: "Kama kimeiva, na kama hakijapoa, na kama watoto wameshakula." Siku aliyonichumbia alitaja masharti manne! Kazini kwake ndiko ugonjwa huo unakolipiwa mshahara: anaandika programu za kompyuta za kupekua orodha ya wafanyakazi.

Meneja wao, mtu wa majivuno mpaka kiti kinalalamika, akamwagiza ukurasa wa kuchagua watu wa kuachishwa kazi. Umri, idara, cheti, kila kimoja na kisanduku chake. Ukijaza kisanduku, programu inaongeza sharti hilo papo hapo. Ukikiacha kitupu, sharti hilo halipo.

"Bosi, vyote vikiwa vitupu itachukua watu wote," mume wangu akamwambia. "Nimeweka kizuizi."

"Unaniona mtoto? Kitoe! Kila kitu kwako kama, kama!"

Kikatolewa. Mimi sikucheka, maana mama yangu mzazi ni mfagizi wa ofisi ile ile, hana cheti, na alikuwa amebakiza miezi minane tu apate kiinua mgongo chake. Nikamwambia mume wangu, "Mama akifukuzwa na kompyuta yako, utanijua mimi ni nani."

Wiki ile ile meneja akaamuru kila mtu aandike kwenye orodha kazi anayoifanya. Mama aliandika mistari kumi na mmoja, mpaka kuzibua sinki la ghorofa ya pili. Meneja hakuandika hata neno. "Yangu inajulikana," alisema.

Jumatatu wajumbe wa bodi wakaja, naye akataka kuwaonyesha ufundi. Akajaza "hana cheti", jina la mama likatokea. Mjumbe mmoja akaomba waanze upya, hakuona vizuri. Meneja akafuta visanduku vyote, kisha kwa mbwembwe zake, kabla hajajaza tena hata kimoja, akabonyeza kitufe cha "Tuma barua". Simu zikalia jengo zima. Watu mia mbili na kumi na wawili wameachishwa kazi, na yeye mwenyewe humo humo, kwa sahihi yake! Loo! Mdomo uliponza kichwa.

Mama akatua ndoo, akaja nyumbani. Kufikia Jumatano vyoo vilikuwa haviingiliki, bodi ikasalimu amri: warudishwe wote ambao kazi zao zimeandikwa. Sharti moja tu. Kwa mara ya kwanza maishani, mume wangu hakuongeza kama ya pili.

Wakarudi mia mbili na kumi na mmoja.

Meneja akaja mbio na barua yake mkononi, akamkuta mama anapiga deki mlangoni.

"Mama, nipishe, kuna kosa kwenye kompyuta."

"Pita, mwanangu, ila usikanyage hapo pabichi," mama akamjibu. "Mimi hii ndiyo kazi yangu. Yako ipi?"