Mdomo wa Baba Kwenye Sanamu ya Mashabiki

Kamati ya sanamu ilimchagua Baba kwa sababu ya mdomo wake. Wachezaji watatu wa timu ya mji wangesimama mbele, na nyuma yao shabiki mmoja akipiga kelele, na hapa Eldoret nani asiyejua ni nani aliyekuwa akianzisha nyimbo uwanjani miaka yote ile? Ila walikuja kumwambia akiwa tayari mgonjwa. Saratani ya koo. Mimi bintiye nilitamani kuwafukuza. Baba alikubali kabla hawajamaliza chai.

Alilitaka jambo lile kuliko dawa. Alinieleza kwamba wachezaji huondoka, makocha hufutwa, shabiki ndiye anayebaki, basi na abaki na sura yake. Nikampeleka Kimumu, kwenye karakana ya fundi wa sanamu, mwanamke mpole aliyejaa saruji hadi kwenye nyusi. Fundi alimwomba afungue mdomo kama anayeshangilia bao. Haukufunguka. Wakati huo hata kijiko cha uji kilipita kwa taabu. Alijaribu siku tatu, machozi yakimtoka, na mimi nikimchukia fundi, kamati na mpira wenyewe.

Siku ya nne nilimwacha nyumbani Munyaka, nikaenda peke yangu. Nikamwambia fundi atumie mdomo wangu, kwa kuwa kila mtu husema sura yangu ni ya Baba mtupu. Nikaketi, nikaachama, akafinyanga. Sikumwambia Baba.

Siku ya uzinduzi tulimketisha mbele kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini. Pazia likavutwa, watu wakapiga vigelegele wakisema ni yeye kabisa. Baba alitazama kwa muda mrefu, kisha akanivuta karibu.

"Huyo ako na meno yote," akaninong'oneza. "Huyo si mimi."

Baba, kama wanaume wengi wa rika lake kule ziwani alikozaliwa, aling'olewa meno sita ya chini akiwa kijana, kama mila yao ilivyotaka. Pengo lile nililiona tangu utotoni hadi nikaacha kuliona. Nilimweleza kila kitu palepale. Hakunigombeza. Aliomba tu arudishwe nyumbani, na hakutazama nyuma.

Alikufa kabla ya mwezi kwisha. Kamati ilikataa katakata kurekebisha, eti kazi imeshapokelewa. Fundi akaniazima ngazi, nyundo na patasi. Nilipanda mchana kweupe, nikaanza kuyatoa yale meno ya saruji moja moja. Nilipofika la tatu umati ulikuwa umejaa chini, wengi wamevaa jezi za timu, wakidhani naharibu mali ya umma. Wakaanza kunizomea kwa wimbo. Ulikuwa wimbo wa Baba, ule aliowatungia wa kuzomea timu za wageni, na waliuimba vizuri, jinsi alivyowafundisha. Niliendelea kugonga huku nikilia, hadi la sita.