Kikao cha Kupanua Yuniti

Mimi nimechoka na vikao. Nasema mapema ili mtu asidhani nasimulia haya kwa raha. Tangu binti yangu azaliwe nimekalia mabenchi ya kila aina, ya hospitali, ya chifu, ya ofisi ambazo karani akikuona unaingia yeye anatoka kunywa chai, na kila mahali jibu ni lile lile: mama, rudi wiki ijayo. Hata kikao hiki nilikwenda nikiwa nimeshachoka kabla hakijaanza.

Binti yangu ni mkubwa wa mwili, nguo zangu zinamtosha. Akili yake inakwenda pole pole na maneno yake ni ya kuhesabu. Lakini ana shule, na hiyo shule anaipenda kuliko anavyonipenda mimi, wala sioni wivu. Ni madarasa mawili tu nyuma ya shule ya msingi ya mtaa wetu hapa Makadara, yenye lango lao na choo chao. Jina lake kamili ni Speshel Yuniti. Sisi wazazi tunaita Yuniti, basi. "Mtoto yuko Yuniti." "Leo Yuniti wanafunga mapema." Miaka nenda miaka rudi tunasema hivyo, na hakuna aliyewahi kutuuliza Yuniti ni nini.

Shida ni kwamba watoto walizidi madarasa. Mwalimu mkuu, mwanamke mpole anayeweza kumlisha mtoto huku akijibu simu, aliwagawa makundi mawili: wiki hii wanakuja hawa, wiki ijayo wanakuja wale. Wiki ya shule binti yangu anajifunza kufunga vifungo vyake, kuomba maji kwa mdomo badala ya kunivuta nguo, na kusema anapotaka choo. Wiki ya nyumbani yote yanamtoka. Mimi najaribu, jamani, si kwamba sijaribu. Niliacha ukarani nikaanza kushona mapazia nyumbani kwa ajili ya hizo zamu. Lakini kwangu hataki kufundishwa, anajua mimi ni mama yake na nitamfungia vifungo mwenyewe. Jumatatu akirudi shuleni mwalimu anaanza tena na kifungo cha kwanza. Ukiniuliza ni nini kilichokuwa kinaniua, si ugonjwa wake. Ni huko kuanza upya.

Kwa hiyo Yuniti iliomba uwanja. Kaunti ni neno la kwenye redio, sisi huku bado tunaiita kanjo, na nyuma ya ua wa Yuniti kuna kiwanja kidogo cha kanjo chenye majani ya hapa na pale. Hakiko bure. Mtu wa mtaa akifa, turubai linafungwa pale, na kila jioni watu wanakalia matanga, wanaimba, wanachanga, mpaka siku gari linapobeba mwili kwenda nyumbani, magharibi huko tulikotoka wengi wetu. Gari likiondoka, turubai linakunjwa na kiwanja kinabaki na kuku. Yuniti ilitaka kujenga hapo madarasa mengine mawili, watoto wote wasome kila wiki. Kanjo ikasema sawa, lakini kwanza wakaazi watoe maoni.

Siku hiyo ukumbi ulijaa hadi nikashangaa. Mikutano yetu ya wazazi huwa tunaombana kuja kama watu wanaoomba chumvi. Mbele walikaa watu wa kanjo, mwenyekiti wao amevaa koti zito na joto lote lile. Nyuma walisimama vijana wanaoosha magari kule bezi yao, kijiweni wanaposhinda, wengi mno. Upande mmoja wangu alikaa mwalimu mkuu, upande wa pili jirani yangu, mjane wa kanisa letu. Amenizidi umri, namwita Mama, na ndiye ninayemwachia binti yangu nikienda kununua vitambaa. Binti yangu anamwita Sosho, yaani nyanya. Nikajiambia, leo angalau sikuja peke yangu.

Mwenyekiti akasoma: "Ombi la upanuzi wa Speshel Yuniti katika kiwanja cha..."

Hakumaliza. Kule nyuma kulilipuka.

"Hatutaki!"

"Zii! Hakuna yuniti inaletwa hapa!"

"Mnaopinga, inueni mikono," mwenyekiti akasema, bila hata kuuliza wanapinga nini. Vijana wote wakainua. Akamgeukia karani wake. "Andika, wakaazi wamekataa."

Upesi hivyo! Mimi nimengoja miaka, yeye amemaliza kabla kiti hakijapata joto. Niliinuka bila kuitwa, nikageuka nyuma, na sauti iliyotoka sikujua kama ni yangu.

"Nyinyi vijana, hao watoto wamewakosea nini?"

Mmoja mrefu, ambaye namfahamu tangu akitembea bila suruali, akanikodolea macho. "Mathe, watoto gani tena? Si hii ni yuniti ya makarao?"

"Makarao? Polisi?"

"Ee. Speshel yuniti. Si ni kile kikosi? Tumeskia wanajengewa kambi hapo kwa fildi, waanze kutubeba."

Salaale! Ndipo nilipoelewa. Sisi wazazi tunasikia yuniti tunaona watoto na uji. Wao wakisikia yuniti wanaona gari lisilo na namba na mama anayezunguka vituo vya polisi akiulizia mwanawe. Neno ni hilo hilo moja.

"Ni shule," nikasema. "Ni Yuniti ya wale watoto wetu wasioweza kusoma na wenzao. Binti yangu yuko hapo. Unamjua, si wewe humsalimia langoni?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Yule mrefu akajishika kichwa. "Aki mathe, si ungesema! Huyo ni msee wetu, kila asubuhi ananigongea tano ya mkono!" Hata mimi nikacheka. Mwalimu mkuu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Wakaanza kupaza sauti kwamba kura irudiwe, kwamba watoto wapewe kiwanja chote, kwamba geti watalichomelea wenyewe. Mikono ikapanda tena, mingi kuliko mwanzo.

Mwenyekiti akakohoa. "Kwanza tuelewane. Nyinyi ni wapangaji waliosajiliwa na kanjo? Nyumba zina majina yenu?"

Wangekuwaje? Nyumba za mtaa ni za kanjo, na hao ni vijana wanaolala kwa mama zao.

"Basi mikono hiyo hatuwezi kuichukua."

"Mbona mwanzo uliichukua?" nikauliza.

"Mama, keti. Kikao kina utaratibu."

Walipokataa walikuwa wakaazi, walipokubali wakawa vijana tu. Nilikuwa na mengi ya kumwambia mtu yule, na mengine si ya kutamkwa na mwimbaji wa kwaya. Lakini tayari alikuwa anawauliza wapangaji wenyewe wanasemaje. Nikawatazama majirani zangu. Kila mmoja alikuwa anaangalia viatu vyake. Hapo niliona kwamba nao walikuja kukataa, na walikuwa wamefurahi vijana kuwafanyia hiyo kazi.

Aliyesimama ni jirani yangu.

"Mimi sina neno na watoto," alisema, akishika ukingo wa kiti cha mbele. "Ni watoto wetu, ni baraka za Mungu. Lakini pale ndipo nilipomlilia mzee wangu. Pale ndipo mtaa huu ulipokaa na mimi hadi nikaweza kusimama. Kesho nikifa mimi, watu wangu watakalia wapi? Nasikia huko Lucky Summer, mtaa ule wa mbali, kuna nafasi. Hao watoto si wapelekwe huko?"

"Amesema!" mtu akaitikia. "Kweli kabisa!"

Kikulacho ki nguoni mwako. Niliinuka tena.

"Mama, matanga tunaweza kukalia hata barabarani! Wafu wetu wawe na kiwanja, walio hai wasome kwa zamu?"

Hakupandisha sauti. "Usinijibu hivyo, mwanangu. Ulipofiwa na mama yako, si ni pale tulikuchangia?"

Ni kweli. Walinichangia pale, usiku baada ya usiku, na yeye ndiye aliyekuwa akipika chai. Nikaketi. Mpaka leo sijapata la kumjibu, na mpaka leo naamini mimi ndiye niliyekuwa na haki. Yote mawili ninayo kifuani na hayapatani.

Wapangaji waliinua mikono yao pole pole, kwa adabu, bila makelele yoyote. Ombi likakataliwa. Mwenyekiti alitushukuru kwa kuja na akasema Yuniti inakaribishwa kuomba mahali pengine. Mwalimu mkuu alikunja leso yake akaitia mkobani. "Basi tuendelee na zamu," akaniambia, kama mtu anayesema mvua imeanza tena. Nje vijana walinizunguka kuniomba msamaha, nikawaambia si nyinyi mlioniangusha. Jirani yangu alitembea nyuma yangu hadi kwenye ngazi zetu, na sikumgeukia. Jumapili kanisani tulipoambiwa tupeane mkono wa amani, nilimpa mtu wa upande wa pili.

Jumatatu ilikuwa ya wiki ya nyumbani. Nilikuwa nimeinamia cherehani mlango ulipobishwa. Ni yeye, na jagi la uji wa wimbi mkononi. Nilijua amekuja kutafuta amani, na kusema kweli nilikuwa nimeshachoka hata na kununa. Nikamwambia karibu.

Binti yangu alisikia mlango. Kwake yeye mlango ukifunguliwa asubuhi ni shule. Akatoka chumbani na sweta ameivaa kinyume, vifungo viko mgongoni, akaacha kunitazama mimi kabisa, akamshika jirani yangu mkono.

"Sosho," alisema. "Sule."

Jirani yangu akacheka. Binti akamvuta kuelekea ngazi, na ana nguvu, uji ukamwagika kidogo. "Sule. Sosho, sule." Cheko likamwishia yule mama. Aliweka jagi chini, akashikilia mwimo wa mlango kwa mkono huo, akanigeukia.

"Mwambie leo hakuna shule," akasema.

"Mwambie wewe, Mama."

Alimtazama binti yangu, akamwambia, "Leo..." Binti akaendelea kumvuta.