Mbona Anataka Wazee?

Mama alipoanza kuloweka anjera, mkate wetu laini, kwenye chai mpaka iwe uji, nilidhani ni meno. Kisha hata uji ukawa unamkwama kifuani. Hospitalini Garissa wakatuambia ni saratani ya umio, ile njia ya chakula, na kwamba kwa umri wake hawezi kupasuliwa.

Baadaye akaja kwetu daktari kutoka Nairobi. Alitafuta wazee waliodhoofika, awajaribie dawa mbili kwa pamoja, kwa kipimo kidogo, huku wakichomwa mionzi. Mimi ndiye niliyemtafsiria mama. Majaribio kwa Kisomali ni tijaabo. Neno hilo lilipomfikia, mama alijivutia shela hadi kidevuni.

"Muulize mbona anataka wazee. Kwa sababu tukifa hakuna atakayeuliza?"

Nami nilishuku hivyo hivyo. Miaka ile, mgeni wa serikali akibisha hodi mtaani kwetu Iftin alikuja kukagua vitambulisho vyetu Wasomali, si kutusaidia.

Daktari hakukasirika. "Dawa hujaribiwa kwa wenye nguvu," akasema, "halafu wazee tunawapa kwa kubahatisha."

Mama akamgeukia kwa Kiswahili chake. "Mama yako iko? Yeye nagonjwa hii, wewe nabea yeye dawa hii?"

"Ningempa. Na akikataa katikati, ningeacha."

Mama akakubali, tukaenda Nairobi. Kila dripu ilipotundikwa niliuliza ni ya nini, wauguzi wakanichoka. Kwenye kitanda cha jirani alilala mzee kutoka Habaswein, aliyependa kumtania mama. Asubuhi moja tukakuta kitanda chake kimetandikwa upya.

"Alikuwa dhaifu sana," daktari akasema.

"Si ndiyo maana mlimchukua?" nikamuuliza.

Aliinamisha kichwa. "Kipimo kinachomfaa hatukukijua. Sasa tumekipunguza kwa wote."

Nilimtafsiria mama, neno kwa neno. Akainua mkono wenye sindano. "Basi."

Nilimkazia macho daktari, nikingoja atutishe. Akaichomoa sindano mwenyewe, taratibu, akamuuliza kama anaumia.

Nyumbani mama alimeza maziwa ya ngamia, kisha wali laini, akaishi mpaka msimu wa mvua kubwa. Majirani wengine walisema dawa ilimwongezea siku, wengine kwamba ilimpunguzia. Mimi sijui.

Daktari alikuja kutoa pole. Nilimkaribisha, nikammiminia chai. Lakini alipoinuka kwenda kuwasalimu wazee waliokaa mkekani, niliinuka naye, nisikie atawaambia nini.